"Actually" si Kwa Kweli: Kilio cha Neno Kumbe

Miongoni mwa vielezi vyote vya Kiingereza, hakuna kilichokita mizizi katika ndimi za wasomi wa Kenya kama "actually". Utakisikia katika kumbi za mihadhara, katika matatu, katika mahojiano ya redio, na hata vinywani mwa watu ambao sentensi nzima wameitunga kwa Kiswahili isipokuwa neno hilo moja. Wapo watetezi wa Kiswahili ambao wakilisikia hukunja nyuso, nao humsahihisha msemaji papo hapo: sema "kwa kweli". Msemaji hutii. Siku ya pili "kwa kweli" imejaa kila pembe, naye mtetezi anajipongeza kwamba lugha imeokolewa.

Mpenzi msomaji, maoni yangu ni kwamba dawa hiyo imeleta madhara kuliko ugonjwa wenyewe. "Actually" huwa "kwa kweli" katika sehemu ndogo tu ya matumizi yake. Neno hilo hufanya kazi tano au sita zilizo mbalimbali, na Kiswahili kina njia yake mahususi kwa kila mojawapo ya kazi hizo. Baadhi ya njia hizo hata si vielezi. Tunapozitupa zote tukang'ang'ania moja, hatupotezi ladha ya lugha peke yake, bali tunapoteza taarifa. Na kuna mahali, nitakapopafikia mbele, ambapo taarifa hiyo yaweza kuamua iwapo mtu atalala kwake au korokoroni.

Tuanze na nasaba ya neno. Shina lake ni kitenzi cha Kilatini "agere", yaani kutenda, ambacho kilizaa "actus", yaani tendo. Wanafalsafa wa Ulaya ya Zama za Kati, wakifuata mafunzo ya Aristotle, walitofautisha kitu kilicho katika tendo na kitu kilicho katika uwezekano tu. Mbegu ni mwembe kwa uwezekano. Mti uliosimama uani ni mwembe kwa tendo. Neno hilo lilipita katika Kifaransa likaingia Kiingereza katika karne ya 14 kama kivumishi "actual", kisha likapata umbo la kielezi. Njiani lugha zikaachana. Kwa Kifaransa "actuellement" ni "kwa sasa", na Kihispania na Kijerumani vilielekea huko huko. Kwa Kiingereza maana ilielekea kwenye uhalisi: kilichotendeka, si kilichodhaniwa. Ndiyo sababu mwenzetu aliyesomea Kifaransa Bujumbura au Kinshasa huweza kusema kwa Kiingereza kwamba yeye "actually" anasoma uhandisi, nasi tukadhani anatukosoa, ilhali anachosema ni kwamba uhandisi ndio anaousoma wakati huu.

Maana hiyo ya uhalisi ingali hai kabisa katika sheria zetu. Kifungu cha 251 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinahusu shambulio linalosababisha "actual bodily harm", kosa ambalo adhabu yake yaweza kufikia kifungo cha miaka 5. Kivumishi hicho hakikuwekwa kwa pambo. Kinabainisha kwamba dhara lazima liwe limeupata mwili, lisiwe dhara lililotishiwa tu. Hapa Kiswahili kina "halisi", nacho kinatosha. Laiti kielezi kingebaki na maana hiyo moja, nisingekuwa na la kuandika.

Lakini hakikubaki. Tazama kinavyotumika leo katika Kiingereza cha kila siku, kiwe cha London au cha Nairobi.

Kwanza, hutumika kuthibitisha kwamba jambo lilitendeka hasa. Wakili humuuliza shahidi, "Did you actually see him?" Mkalimani wetu aliyezoea njia ya mkato husema, "Je, kwa kweli ulimwona?" Swali hilo la Kiswahili linamtuhumu shahidi uongo. Swali la Kiingereza halimtuhumu uongo. Linatofautisha kuona na kusikia kwa watu, au kuona na kukisia. Mswahili angeuliza, "Ulimwona kwa macho yako mwenyewe?" Kazi yote ya kielezi imebebwa na nomino "macho" na ile "-enyewe". Shahidi aliyeulizwa hivyo hujibu bila kinyongo: "La, niliambiwa na jirani." Aliyeulizwa kwa namna ya kwanza huanza kuapa.

Pili, hutumika kumsahihisha mtu aliyedhani vingine. Mtu anakuchukulia kuwa u mzaliwa wa Mombasa nawe u wa Lamu. Mwingereza ataanza na "actually" kisha ataje kwao. Ukisema, "Kwa kweli mimi natoka Lamu," umesema kama mtu anayeungama. Kiswahili kimetujalia kitambulishi "ndi-", ambacho huungana na viambishi vya ngeli zote: ndiye, ndicho, ndiko, ndimo. "Kwetu ni Lamu," au, ukitaka kumsahihisha bila kumwaibisha, "Lamu ndiko kwetu." Umesahihisha, umesisitiza, na hujatumia kielezi chochote. Wanafunzi wa sarufi huutaja mkazo huu darasani kwa majina makubwa makubwa, kisha wakitoka nje wanaukimbilia ule wa Kiingereza. Ni ajabu ya mtu mwenye kisima uani kuomba maji kwa jirani.

Tatu, hutumika kulainisha kukataa. Hapa ndipo "kwa kweli" inapotuaibisha zaidi. Mpwa anamjibu shangaziye aliyemwalika arusini. Kwa Kiingereza angesema "actually" halafu atoe udhuru, na kielezi kingekuwa kama mto wa kuketia. Akisema kwa Kiswahili, "Kwa kweli, shangazi, sitakuja," amefanya kinyume chake. Amelikazia katao lake. Shangazi atauliza nimekukosea nini. Lugha yetu ina adabu zake: "Niwie radhi, shangazi, nilitamani sana kuja, ila kesho nina mtihani." Upole umo katika "niwie radhi", umo katika kule kutanguliza hamu, umo katika "ila". Hakuna neno moja linalouchukua wote, wala pasiwe na haja ya kulitafuta.

Nne, hutumika kubadili nia katikati ya usemi. Mteja ameagiza chapati moja kisha akaghairi. Kielezi cha Kiingereza kinamwambia mhudumu, "Futa niliyosema." Mteja wa Kiswahili husema, "Au nipe mbili," au "Hebu nipe mbili basi." Anayesema, "Kwa kweli nipe mbili," sijamsikia bado, lakini kwa mwendo tunaokwenda nao sitashangaa.

Kazi ya tano ni ya kujaza pengo tu wakati msemaji anapotafuta fikra. Hiyo siilaumu. Kila lugha ina vijazio vyake. Mswahili ana "yaani", ana "unajua", na kimya pia kipo.

Ya sita nitaichelewesha kidogo, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Kabla ya hapo, ninaomba msomaji atazame kinachozipata lugha zinapoyatumia maneno ya ukweli pasipo haja. Kiingereza chenyewe ni shahidi. Neno "very", ambalo leo ni "sana" tu, lilitokana na neno la Kifaransa cha kale lenye maana ya "kweli", ambalo nalo lilitoka katika Kilatini "verus". Zamani mtu aliyeitwa "very" fulani alikuwa fulani wa kweli. Matumizi yakalichakaza, na leo halithibitishi chochote. Linaongeza ukubwa tu. "Really" limefuata njia hiyo hiyo, na "literally" limo mbioni nyuma yao, hata kamusi za Kiingereza zimelazimika kuandika kwamba hutumika kwa jambo ambalo halikutokea hata kidogo.

Nasi hatukusalimika. Neno letu "labda" huhusishwa na usemi wa Kiarabu "la budda", ambao maana yake ni kwamba hapana pa kukwepea, yaani lazima. Mabaki ya maana ile ya awali yamo katika "sina budi" na "hatuna budi". Lakini "labda" yenyewe leo ni neno la shaka. Lilitoka kwenye yakini likaangukia kwenye "huenda". Basi ikiwa "lazima" imeweza kugeuka ikawa "pengine", tusijione salama kwamba "kwa kweli" itabaki kuwa ya kweli tukiitia katika kila sentensi. Msikilize mchezaji wa kandanda anayehojiwa baada ya mechi, au mwanasiasa jukwaani. "Kwa kweli tumefurahi, kwa kweli tunawashukuru mashabiki, kwa kweli Mungu ni mwema." Hakuna aliyebisha. Anamwapia nani? Na atakapofika mahali panapohitaji kiapo, atatumia neno gani? Watanzania, ambao huwa wepesi wa kubuni, wamekwisha kuhisi uchakavu huo, wakaleta "kiukweli", nalo wahariri wengi hawalipendi. Mimi naliona kuwa dalili zaidi ya kuwa kosa: neno la zamani limechoka, watu wanatafuta jipya.

Sasa tuje kwenye kazi ya sita. "Actually" hutumika kuonyesha kwamba mambo yalivyo sivyo yalivyodhaniwa. Na hapa Kiswahili kina neno ambalo kwa maoni yangu limekizidi Kiingereza: "kumbe".

Wengi huyaona maneno haya mawili kuwa ndugu, na kwa mbali hufanana. Yote mawili huweka dhana upande mmoja na hali halisi upande wa pili. Tofauti yao ni hii: dhana ilikuwa ya nani? Asemaye "actually" aghalabu anaujua ukweli tangu mwanzo. Aliyekosea ni msikilizaji. Asemaye "kumbe" anasema kwamba aliyekuwa gizani ni yeye mwenyewe, na sasa amefunukiwa. La kwanza ni neno la mwalimu, la pili ni neno la aliyeshtuka. Mwenyeji akikwambia, "Huyu actually ni kaka yangu," anakufunza wewe. Nawe ukijibu, "Kumbe ni kaka yako!" unakiri kwamba hukujua. Maneno hayo hayawezi kubadilishana viti.

Uzuri wa "kumbe" hudhihirika zaidi katika simulizi. Nyanya akisimulia hadithi, husema sungura aliingia pangoni akajilaza, kumbe simba yumo. Nyanya anajua kwamba simba yumo. Hadithi ni yake. Asiyejua ni sungura. Kwa neno moja la silabi mbili msimulizi ametuingiza katika kichwa cha sungura, akatuonyesha ujinga wake, kisha akautoboa. Zingatia pia kitenzi kinachofuata. Hakusema "simba alikuwamo". Amesema "yumo", kana kwamba tumesimama pale pale mlangoni mwa pango. Kiingereza kitahitaji kishazi kizima kueleza kwamba sungura hakuwa na habari. "Actually" haliwezi kazi hiyo, kwa kuwa halituambii lolote kuhusu alichokijua sungura.

Ushahidi bora wa thamani ya neno hili umo katika Kiingereza cha Wakenya wenyewe. Mtu anazungumza Kiingereza kitupu, mara anaona haja ya kusema kwamba amegutuka, naye anasema "kumbe" kisha anaendelea na Kiingereza chake. Hakulichomeka kwa uvivu. Alilikosa katika lugha ya pili akarejea nyumbani kulichukua. Basi tumefanya biashara ya ajabu: tumempelekea Mwingereza "kumbe" ambayo hakuwa nayo, tukachukua "actually" ambayo hatukuihitaji.

Sasa nilipoahidi. Kwa mujibu wa kifungu cha 198 cha Kanuni ya Taratibu za Jinai ya Kenya, lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza, na lugha ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili. Katiba ya mwaka wa 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi, na katika kifungu cha 50 ikamhakikishia mshtakiwa asiyeifahamu lugha ya kesi haki ya kupewa mkalimani bila malipo. Hayo ni mazuri. Lakini katika utendaji, mshtakiwa au shahidi husema kwa Kiswahili, naye hakimu, mara nyingi, huandika kwa Kiingereza. Kinachobaki katika jalada ni Kiingereza.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kijana ameshtakiwa kwa kupatikana na bangi. Anajitetea hivi: "Jamaa alinipa mkoba nimbebee hadi stendi, kumbe ndani mna bangi." Katika sentensi hiyo utetezi wote umo katika "kumbe". Ukiiondoa, kijana amekiri kubeba mkoba wenye bangi. Ukiiacha, amesema kwamba hakujua, na kutojua ndiko kunakoweza kumwokoa, kwa kuwa sheria hujali sana iwapo mtu alikijua alichokibeba. Sasa mkalimani, au hakimu mwenyewe akiandika kwa haraka, anatafuta neno la Kiingereza. Lililo karibu ni "actually". Anaandika kwamba alipewa mkoba, na kwamba "there was actually bhang in it". Soma tena sentensi hiyo kama mtu ambaye hakuwapo. Kijana anasikika kama anayethibitisha mashtaka! Anaonekana kama mtu aliyejua vyema kilichokuwamo, tena anakisisitiza.

Msomaji atasema hakimu ni Mkenya, anakijua Kiswahili, na amelisikia "kumbe" kwa masikio yake. Ni kweli, na huenda akamwachilia kijana. Lakini akimfunga, kijana atakata rufaa, na hapo hakuna masikio tena. Tangu uamuzi wa kesi ya Okeno dhidi ya Jamhuri ya mwaka wa 1972, mahakama ya rufaa ya kwanza hutakiwa iupime upya ushahidi wote na kufikia hitimisho lake yenyewe, huku ikikumbuka kwamba haikuwaona wala kuwasikia mashahidi. Jaji hupima kilichoandikwa. Na kilichoandikwa hakina "kumbe".

Kiingereza hakikosi njia, nisije nikakisingizia. Kuna namna za kusema "bila mimi kujua" na "nikaja kugundua baadaye", na mkalimani hodari huzitumia. Tatizo ni kwamba huzifikii ukiwa umefunzwa kufasiri neno kwa neno, kielezi kwa kielezi. Nawe ukigeuza upande, ukimfasiria kijana maneno ya wakili, kosa ni lile lile. Wakili anauliza iwapo "actually" aliufungua mkoba. Kijana anaulizwa iwapo "kwa kweli" aliufungua. Naye, akidhani anaitwa mwongo, anajibu kwa ghadhabu, na ghadhabu ile inaandikwa kuwa tabia mbaya kizimbani.

Kwa nini basi wafasiri wetu hawalikumbuki "kumbe"? Nadhani lawama nyingi zatuangukia sisi wa idara za Kiswahili. Katika vitabu vyetu vya sarufi tumeliweka "kumbe" katika kapu la vihisishi, pamoja na "lo!", "ala!" na "wee!". Tumelipa alama ya mshangao tukalifunga humo. Mwanafunzi anakua akiamini kwamba vihisishi ni vilio, si maneno yenye maana ya kufikiriwa, na kwamba havistahili kuonekana katika insha rasmi, achilia mbali katika hati ya mahakama. Anapotakiwa kufasiri kielezi cha Kiingereza, anafungua kapu la vielezi, na "kumbe" halimo. Anatoka na "kwa kweli". Ukiitazama sentensi ya yule kijana utaona kwamba "kumbe" pale si kilio hata kidogo. Limesimama baina ya vishazi viwili, limeviunganisha, na limeeleza uhusiano baina ya alichokijua mtu na kilichokuwapo. Kama hiyo si kazi ya kiunganishi, sijui kiunganishi hufanya nini. Pengine hata jina hilo halitoshi, na kuna haja ya mmoja wetu kuandika tasnifu juu ya neno hili. Wako wanaoandika tasnifu juu ya mambo madogo kuliko hili.

Nimewahi kuambiwa kwamba hoja za namna hii ni za wahafidhina wasiotaka lugha ikue, na kwamba Kiswahili kimekopa tangu enzi. Sikatai. Tena katika eneo hili hasa la viunganishi na vielezi tumekopa kuliko mahali pengine popote: lakini, bali, hata, hasa, halafu, hakika, yote yalitoka Uarabuni, na leo hatuwezi kutembea bila hayo. Iwapo "actually" litaingia, likavaa vokali za Kiswahili likakaa, halitakuwa la kwanza, na vijana wanaolitamka sasa katika Sheng hawatakuwa wamefanya dhambi. Ila yapo maneno yanayoingia yakaongeza chumba nyumbani. "Bali" lilituwezesha kukanusha jambo moja na kuthibitisha jingine kwa pumzi moja. "Actually", kwa namna tunavyolitumia, halijaongeza chumba. Limebomoa kuta za vyumba sita ili pawe na ukumbi mmoja. Na yule mtetezi wa Kiswahili anayelipiga vita huku akiweka "kwa kweli" mahali pake amebomoa kuta zile zile, isipokuwa yeye ametumia nyundo iliyotengenezewa nchini.

Kwa hiyo ningependelea kozi zetu za tafsiri ziache kuwapa wanafunzi orodha za vielezi na visawe vyake. Wapewe sentensi ishirini zenye "actually", wazifasiri bila kutumia "kwa kweli" hata mara moja, kisha waeleze kila walichokitumia na sababu yake. Atakayetumia "ndiko" apate alama. Atakayetumia "kwa macho yake" apate alama. Atakayeona kwamba sentensi nyingine haihitaji neno lolote, kwa kuwa Kiswahili hakina desturi ya kulainisha pale, apate alama zaidi ya wote. Zoezi hilo halihitaji fedha wala maabara. Na wale watakaoajiriwa kuwa wakalimani wa mahakama, ambao wengine watatoka katika idara hizi hizi, wafanye zoezi la upande wa pili: sentensi ishirini zenye "kumbe", na kila moja waandike kwanza ni nani ambaye hakujua, kabla hawajaandika neno hata moja la Kiingereza.

Kuhusu majalada yenyewe, suluhisho la haraka liko tayari. Soma hukumu za mahakama zetu zilizoandikwa kwa Kiingereza, utakuta ndani yake "panga", "shamba", "rungu" na "chang'aa" zimesimama jinsi zilivyo, bila kufasiriwa, kwa kuwa hakimu aliona kwamba neno la Kiingereza lingepotosha. Jaji wa rufaa huyasoma bila taabu. Ikiwa panga lina haki ya kuingia katika rekodi kwa jina lake, sioni kwa nini hakimu asiandike pia kwamba mshtakiwa alibeba mkoba, kumbe ndani mna bangi.